Sufuria moja ya kupikia karibu kila kitu

Kama fedha inatosha sufuria moja tu, nunua ya alumini, pana, nene, yenye mfuniko bapa. Kwa watu wanne au watano tafuta yenye upana wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 12; inabeba lita 5 hivi. Humo utapika wali wa kilo moja, maharage, mchuzi, ugali, na utakaanga hata samaki wa vipande. Ikiwa ndogo zaidi, maharage yatafurika. Ikiwa kubwa mno, mchuzi wa nyama nusu kilo utatandaa chini na kukauka kabla nyama haijaiva.

Angalia unene kwanza. Kitako kiwe milimita 3 hivi. Sufuria nyembamba huchomeka pale pale mwali unapogusa, ndiyo maana wali wa katikati huungua huku wa pembeni ungali na kiini. Baada ya muda kitako hubinuka, sufuria inacheza jikoni, na kusonga ugali kunakuwa kazi ngumu kwa sababu kila ukisukuma mwiko sufuria inazunguka. Dukani, iweke juu ya kioo cha kaunta uone kama imetulia, kisha bonyeza ubavu wake kwa dole gumba. Ikibonyea, iache.

Uzito nao usikudanganye. Sufuria nzito za kusubu, yaani za alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zenye uso wa kukwaruza na vitundu vidogo, nyingi hutokana na alumini chakavu, na zinaweza kutoa madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya chakula. Chukua ya kiwandani yenye uso laini.

Mfuniko ukae sawasawa. Ukiwa bapa, wali ukishakauka maji unapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu. Dakika 15 zinatosha.

Alumini haipatani na uchachu. Mchuzi wa ukwaju, ndimu au nyanya nyingi upike humo, ila usiulaze: asidi hula alumini na mchuzi hupata ladha ya chuma. Weusi unaobaki ndani baada ya kuchemsha maji hauna madhara, usiusugue kwa waya.

Kwa jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, alumini tupu haipati moto. Nunua ya stenlesi ambayo kitako chake kinanasa sumaku.

Chapati ndizo zitakazokudai chombo cha pili: zinataka chuma bapa kisicho na kuta, uweze kuzigeuza na kuzikandamiza.