Perovskaiti na multiferoiki: tofautisha kwanza

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama kila perovskaiti ni multiferoiki, na kama unaweza kuchoma oksidi za bismuthi na chuma kwenye jiko la mkaa kwa ajili ya maonyesho ya shule.

La kwanza, hapana. Perovskaiti ni mpangilio wa atomu, ABO₃ (A na B ni metali mbili, O ni oksijeni): ioni B, yaani atomu yenye chaji, imezungukwa na oksijeni sita, A kubwa zimekaa kwenye pembe za mchemraba. Multiferoiki ni tabia: maada moja ina mpangilio wa sumaku na pia ncha za chaji (upande mmoja chanya, mwingine hasi) unazoweza kuzigeuza kwa umeme. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Katika BaTiO₃ (oksidi ya bariamu na titani), titani husogea kutoka katikati na kuzaa ncha za chaji, kwa sababu obitali zake za d (aina moja ya nafasi za elektroni katika atomu) ni tupu, ilhali sumaku inahitaji elektroni ndani ya obitali za aina hiyohiyo. Ndiyo maana kuzipata tabia zote mbili pamoja ni adimu. BiFeO₃ (oksidi ya bismuthi na chuma) inafaulu kwa kugawana kazi: bismuthi huleta ncha za chaji, chuma huleta sumaku, hata kwenye joto la kawaida. YMnO₃ (oksidi ya itriamu na manganizi) yenye umbo la pembesita ni multiferoiki, wala si perovskaiti.

Kuchoma, usithubutu. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, tena huzinyang'anya oksidi oksijeni yake. Finyanga modeli ya udongo: A nane kwenye pembe za mchemraba, O sita kwenye nyuso, B katikati, kisha isogeze B kidogo waone. Ukitaka sampuli halisi, mwone mwalimu wako wa kemia akuunganishe na maabara ya chuo yenye tanuri.