Uliza Fundi: Injini ya kampuni iliyokufa

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua Land Rover Freelander ya mwaka 2003, injini ya petroli ya lita 1.8, na imeanza kuchemsha. Fundi wangu anasema injini hii ni ya Rover, kampuni iliyofilisika huko Uingereza, kwa hiyo niiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla haijanimaliza. Kijiweni ndiyo balaa: wanasema wale wazungu walistahili kufukuzwa, wavivu waliotengeneza magari mabovu. Je, spea nitapata? Na ni kweli wafanyakazi ndio walioua kampuni yao?
Msomaji, Tabata Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na gari, maana ndilo linalokula hela yako.

Fundi wako kapatia nusu. Injini hiyo, K-series, ilitoka kiwanda cha Rover cha Longbridge, Birmingham. Kampuni imekufa kweli, lakini injini haifi na kampuni. Gasketi, vichungi na pampu za maji vilikuwa vinatengenezwa na viwanda vingine, na vingi bado vinaendelea. Kilichokuwa kinajulikana tangu kampuni ikiwa hai ni kwamba K-series ina ugonjwa wa gasketi ya silinda hedi. Maji yake ni machache, kwa hiyo yakivuja kidogo tu, imechemsha. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa baridi. Ukikuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Hapo usiwashe tena gari, lipandishe kwenye breakdown mpaka gereji.

Zunguka Gerezani uulize gasketi ya tabaka za chuma, usikubali ile ya zamani kwa sababu tu ni rahisi. Silinda hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufungwa, themostati ibadilishwe hapohapo, na ujaze kulanti, siyo maji ya bomba. Fundi akikwambia "tutakaza tu bolti", mshukuru, chukua ufunguo wako uondoke.

Sasa hao wa kijiweni.

Kiwanda cha Longbridge kilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Gari dogo la Mini, lile la zamani la 1959, lilitengenezwa hapo. BMW ya Ujerumani ikainunua Rover mwaka 1994, ikapata hasara, na mwaka 2000 ikaigawa vipande: Land Rover ikaenda kwa Ford, Mini wakabaki nayo wenyewe, na kilichosalia wakawauzia wafanyabiashara wanne kwa pauni 10. Ndiyo, kumi. Tena BMW ikaongezea mkopo wa mamia ya mamilioni ya pauni, mradi tu mzigo utoke mikononi mwao. Wale wanne walipokelewa getini kwa shangwe kama wakombozi, maana kabla ya hapo watu makumi elfu walikuwa wameandamana Birmingham wakiomba kiwanda kisifungwe. Niambie, mvivu gani anaandamana akidai kazi?

Walichokosa ni gari jipya. Rover 25 na 45 zilikuwa magari ya katikati ya miaka ya tisini yaliyopambwa sura upya, wakati washindani wanatoa modeli mpya kila baada ya miaka michache. Kuunda gari jipya kunahitaji mtaji mkubwa sana, na aliyesimama kwenye mstari wa kufunga milango hana sauti kwenye uamuzi huo. Tumaini la mwisho lilikuwa kampuni ya magari ya SAIC ya Shanghai, China. Mazungumzo yakavunjika, na tarehe 8 Aprili 2005 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwezi mmoja mbele, kwa hiyo Waziri Mkuu Tony Blair na Waziri wa Fedha Gordon Brown walikwenda huko haraka, na serikali ikatoa pauni milioni 6.5 ili mishahara ilipwe kwa wiki moja zaidi. Wiki ikaisha. Watu kama 6,000 wakakosa kazi, na hapo sijahesabu viwanda vidogo vilivyokuwa vinawauzia vifaa.

Mwaka 2009 ripoti ya wachunguzi wa serikali ikaonyesha kwamba wale wanne pamoja na mtendaji wao mkuu walikuwa wamejipatia mishahara na pensheni ya pauni milioni 42. Nao wafanyakazi walikuwa wameahidiwa mfuko wao maalumu. Ulipokuja kuhesabiwa, kila mmoja angepata kama pauni 3. Wapelekee wa kijiweni hesabu hiyo, halafu wakuambie mvivu ni nani.

Mimi nina sababu ya kuwa mkali hapa. Miaka ya tisini nilikula redandansi, yaani nilipunguzwa kazini, kwenye karakana moja ya Barabara ya Pugu, wakati huo sisi wazee hatujazoea kuiita Nyerere. Orodha ilibandikwa ukutani karibu na kantini, imepigwa taipu, majina yamebanana. Mwenzangu wa shifti ya usiku aliisoma akiwa ameshika mkate wake kwapani, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Kilichoniuma zaidi ni abiria kwenye daladala siku ile: "Mlikuwa mnalala tu kazini." Kompresa yetu ilikuwa imesimama miezi kwa kukosa spea ambayo ofisi haikutaka kuilipia. Tungefanya nini, tupulize kwa midomo?

SWALI: Mzee wangu, nafanya kazi kwa muuza magari mmoja hapa mjini. Mishahara imechelewa, na sasa bosi anataka tusaini barua za kuacha kazi wenyewe "ili mambo yaende haraka", tutalipwa baadaye. Nimekaa miaka sita. Nisaini?
Dada, Mikocheni

JIBU: Usisaini, mwanangu. Ukiacha kazi mwenyewe umemsamehe kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na akae na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua, siyo kuwatoa kimyakimya. Akikuachisha kwa kupunguza watu, ni lazima akulipe angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mpaka miaka 10. Kwa miaka yako sita ni siku 42, mbali na mishahara anayodaiwa, likizo ambayo hukwenda na malipo ya notisi.

Kesho pita NSSF ukaangalie kama michango yako inafika, maana kampuni ikianza kuyumba michango ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Uliza na fao la kukosa ajira ukiwa hapohapo. Barua ya kuachishwa ikitoka na hukuridhika, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nenda na mkataba na karatasi za mshahara, na nakala zake ziache nyumbani kwenu, siyo kwenye droo ya ofisi.