Barua kwa mwanangu: limbwata na mke wa mfalme

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Wakristo wa kale waliamini limbwata, maana wifi yako anasema mumeo kalishwa na mwanamke wa nje, naye anakuhimiza mwende kwa mganga.

Waliamini, tena sana. Mfalme Lothar II wa Lotharingia, huko Ulaya, alitaka kumwacha mkewe Theutberga akae na hawara yake Waldrada. Mwaka 860 Hincmar, askofu mkuu wa Reims huko Ufaransa, akaulizwa mengi kuhusu kesi hiyo, pamoja na hili: je, mwanamke anaweza kwa uchawi kutia chuki kati ya mume na mke, au kumtia mwanamume wazimu wa mapenzi? Hincmar hakulidharau swali. Alitaja hadi vifaa: mifupa ya wafu, majivu, nywele, nyuzi za rangi rangi, majani, vipande vya nyoka.

Sasa tazama dawa yake. Wanandoa walioshindwa kukutana kimwili kwa sababu ya uchawi waungame dhambi zao zote kwa moyo uliopondeka, watoe sadaka, wafunge, wasali, na makasisi wawaombee. Ikishindikana kabisa, aliruhusu watengane. Anasimulia habari za kijana wa ukoo mkubwa aliyemchukia mkewe kiasi cha kutaka kumuua. Askofu akawashika kwa toba na sala, ndoa ikapona. Ila kwa Lothar hakukubali uchawi uwe kisingizio cha kumtupa mke. Hapo ndipo ninapompendea.

Kwa hiyo kwa mganga usiende, hata wifi akinuna. Mganga atakutajia mtu, na kuanzia siku hiyo hutaweza kumsalimia. Mwombe padre awakalishe wote wawili, mumeo aulizwe anafanya nini yeye mwenyewe, si amefanywa nini.

Lipo moja nisilokubaliana na wazee wetu hao. Papa Nikolasi I alimtetea Theutberga kwa nguvu, na mwaka 865 Lothar akalazimika kumrudisha. Baadaye Theutberga mwenyewe aliomba aachiliwe. Papa, akihisi mama huyo ameshurutishwa, akakataa. Mimi ningemwachilia. Mama aliyeteswa vile angerudishwa vipi mikononi mwa yuleyule?

Basi mumeo akikuinulia mkono, usingoje ushauri wa padre wala wangu. Chukua watoto uje. Chumba chako kipo, na baba yako nimeshamwambia.

Mama yako