Bei ikipanda ikakaa huko huko, subiri miaka

Ndugu, umeuliza kwa nini petroli ikipanda watu wanaendelea kujaza tangi vilevile, ukahitimisha kwamba bei haina nguvu. Mwezi wa kwanza baada ya bei kupanda haina, hapo sikubishii. Gari ni lile lile, kazini ni mbali kule kule, mtu atafanyaje? Atapunguza matembezi ya Jumapili, basi.

Ila mpe muda. Tazama Marekani baada ya 1973, pipa la mafuta ghafi lilipotoka kama dola 3 hadi karibu 12 ndani ya miezi michache. Mwanzoni ilikuwa foleni na malalamiko tu. Lakini bei haikurudi ilikotoka, na 1979 ikapaa tena. Gari la zamani likichoka, lililofuata likawa dogo, mara nyingi la Kijapani. Mitambo ya umeme iliyochoma mafuta ikahamia makaa ya mawe na nyuklia. Matumizi yakashuka kutoka karibu mapipa milioni 19 kwa siku mwaka 1978 hadi kama milioni 15 mwaka 1983. (Si bei peke yake: kulikuwa na mdororo wa uchumi, na sheria ya 1975 iliyobana ulaji mafuta wa magari.)

Kwa hiyo angalia kifaa kinadumu miaka mingapi, na kama mtu anaamini bei haitashuka wiki ijayo. Akidhani itashuka, habadilishi kitu. Chumvi ni kesi nyingine: hata ukisubiri miaka 10, utaweka nini badala yake?