Michirizi ya chuma kwenye CT: anza na mlalo wa mgonjwa

Mkuu, umeuliza ufanyeje picha za CT (eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) za wagonjwa wenye nyonga na magoti bandia zisomeke, wakati mashine yenu ni ya slaisi 16 (inachukua vipande 16 kwa mzunguko mmoja) na haina programu ya kupunguza michirizi ya chuma. Nimefanya kazi chumba cha CT miaka mingi. Kazi kubwa iko kwenye kumpanga mgonjwa mezani.

Nilijifunza kwa mama mmoja aliyebadilishwa magoti yote mawili. Nilimlaza chali, miguu imenyooka sambamba, kama nilivyozoea. Picha zikatoka na mkanda mweusi kutoka goti hadi goti, na pembeni michirizi myeupe kama miiba ya nungunungu. Miali iliyopita ubavuni ilikuta chuma mara mbili. Ile dhaifu inamezwa, inayofika upande wa pili ni michache na yenye nguvu tu, lakini kompyuta inajenga picha kana kwamba mwali haujabadilika. Ndipo inapochora weusi palipo na mfupa mzima. Daktari wa mifupa alitaka kujua kama simenti inayoshika goti bandia imeachia juu ya muundi, hakuona kitu. Ikabidi tumrudie, na ile mionzi aliyopigwa bure inaniuma hadi leo. Safari hii nilimkunja goti moja, nikaweka mto chini yake ili magoti yasikae kwenye slaisi moja. Mashine ni ileile, na ukingo wa simenti ukaonekana.

Nyonga hazikupi nafasi hiyo, hapo unategemea mipangilio. Panda hadi kilovolti 140 na uongeze miliampea kiasi, ila kwa kijana fikiria mara mbili, maana viungo vya uzazi viko hapohapo. Chukua slaisi nyembamba, chini ya milimita 1, kisha zijenge upya kwa unene wa milimita 2 au 3 kwa algorithimu laini, yaani hesabu ya kompyuta ya kujenga picha. Ile kali ya mfupa inakuza michirizi. Skeli ya kawaida ya Hounsfield (namba za jinsi kitu kinavyozuia miali) inaishia 3071, na chuma kinapita hapo. Kama mashine ina skeli ndefu, iwashe, na ufungue dirisha, yaani sehemu ya namba hizo inayoonekana kwenye skrini, upana wa 3000 hadi 4000.

Uliza pia kiungo ni cha chuma gani. Titani ina michirizi midogo kuliko kobalti-kromu. Ndiyo maana kwenye nyonga nyingi shina la titani, lile linaloingia ndani ya mfupa wa paja, linasomeka vizuri, shida inabaki kwenye kichwa cha kobalti-kromu.

Siku mkipata programu kama SEMAR, O-MAR au iMAR, naomba sana: msitume picha zilizosafishwa peke yake. Programu hizo zinakisia data iliyopotea, na kisio linaweza kukosea palepale mfupa unapogusa chuma. Tuliwahi kuwa na mzee mwenye maumivu ya paja. Picha iliyosafishwa ilionyesha mstari mweusi mwembamba ukifuata shina, kana kwamba limeachia mfupa, na mazungumzo ya kumrudisha theatre yakaanza. Nilifungua picha ghafi, nikaziweka kando ya zile. Michirizi ilikuwepo, lakini katikati yake mfupa ulionekana umeshika shina, na ule mstari haukuwepo. Tangu hapo natuma seti zote mbili, na kwenye fomu naandika ipi ni ipi.