Ukiwa na Moyo Mzito, Sikiliza Viola da Gamba

Wengi wakiiona viola da gamba, ala ya nyuzi ya zamani ya Ulaya, hudhani ni selo, ile fidla kubwa. Kwa mbali zinafanana: zote hushikiliwa katikati ya miguu na kupigwa kwa upinde. Ila gamba huwa na nyuzi sita, au saba kwa zile za Ufaransa kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, na sauti yake ni ya chini, haina ubavu wa kujaza ukumbi mkubwa. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu. Inazungumza na mtu mmoja.

Kama hujawahi kuisikiliza, usianze na vipande vya kasi. Anza na "Les Voix humaines" cha Marin Marais, mtunzi na mpigaji gamba wa Ufaransa, kilichotoka mwaka 1701. Vaa visikilizi, maana spika ya simu huzimeza zile nyuzi nene. Halafu achana na kutafuta melodi ya kuimba bafuni, fuata upinde. Mpigaji huushika kiganja kikitazama juu, vidole vikigusa zenyewe zile nywele za farasi zilizofungwa kwenye upinde, hivyo anaweza kuzikaza au kuzilegeza sauti ikiwa bado inalia. Utasikia noti moja inaanza kama pumzi, inavimba, kisha inanywea. Marais hakuliacha jambo hilo hivihivi: katika kitabu chake cha 1711 aliweka herufi "e" kwenye noti alizotaka zivimbe.

Nilipofiwa, jamaa walinitumia nyimbo za faraja kwa nia njema kabisa, nami sikuweza kumaliza hata mmoja. Zote zilinihimiza nipoe. Nilichoweza kukivumilia ni maombolezo ambayo Marais alimtungia mwalimu wake, Sainte-Colombe. Kipande kile hakikubembelezi wala hakikuharakishi. Kinasita, kinanyamaza, kinaanza tena. Ukikisikiliza, usiwe unapika wala kujibu meseji. Na machozi yakija, yaache.

Kuna pia kipande chake cha 1725 kinachosimulia upasuaji wa kutoa jiwe kwenye kibofu, enzi ambazo hapakuwa na ganzi. Maelezo yameandikwa kabisa kwenye noti: mgonjwa anaviona vifaa, anatetemeka, anajikaza kupanda mahali pa kupasuliwa. Hicho kiweke kando kwanza, hasa kama una miadi hospitali.

Ukishazoea, chukua kipande kilekile umsikilize mpigaji gamba Jordi Savall, kisha mwenzake Hille Perl. Angalia nani anakaa zaidi kwenye kimya.