Ile "chai" chungu ya Guangzhou na vidonge vya presha

SWALI: Habari za kazi, dokta. Huwa naenda Guangzhou kufunga mzigo. Safari iliyopita nilitoka vidonda mdomoni, koo likakauka. Mama mwenye nyumba ninapofikia akasema nina "shanghuo", akanipeleka kwenye kiduka cha kona nikanywa kikombe cha chai nyeusi tii, chungu kama shubiri. Jioni ile ile maumivu yakatulia. Nimerudi na pakiti kumi za kiwandani. Kwa presha natumia amlodipini na haidroklorothiazaidi. Naweza kuinywa kila siku kama chai ya kawaida? Na ni kweli kwamba chai ya kijani ni ya baridi na chai ya rangi ni ya moto?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Dada yangu, hizo pakiti zikae kabatini kwanza mpaka umalize kusoma.

Ulichokunywa kinaitwa liangcha, yaani chai ya kupoza, ila mara nyingi hamna hata jani moja la mchai ndani yake. Ni mitishamba iliyochemshwa. Watu wa Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, wanaishi kwenye joto lenye unyevu kama la Dar mwezi Machi, na kinywaji hiki wamekizoea tangu zamani. Wanglaoji, jina maarufu kuliko yote, lilianza pale Guangzhou mwaka 1828. Kila duka lina mchanganyiko wake, lakini si ajabu kukuta mitishamba kama xiakucao, jinyinhua, maua ya juhua (ukoo mmoja na pareto yetu) na mzizi mtamu uitwao gancao. Huo wa mwisho ndio unaonihangaisha.

Shanghuo maana yake moto umepanda. Si homa ya kupimwa kwa kipimajoto. Ni jina la mkusanyiko wa dalili: vidonda vya mdomo, koo kavu, chunusi, choo kigumu, na lawama huangukia vyakula vya kukaanga na kukesha. Tiba ya Kichina hupanga vyakula na dawa kwa tabia nne: baridi, ubaridi kiasi, uvuguvugu na moto. Mwenye moto hupewa cha baridi. Bibi zetu wa pwani wasingeshangaa, maana neno baridi yabisi tunalolitumia kwa maumivu ya viungo linatoka katika hesabu za namna hiyo hiyo, ingawa zetu zilikuja na tiba ya Waarabu.

Sasa gancao. Kwenye maduka ya dawa za asili pwani utausikia ukiitwa urukususu. Waganga wa Kichina huutia katika dawa nyingi mno kama mpatanishi wa dawa nyingine, na hupunguza uchungu. Utamu wake unatokana na glisirizini. Figo zina kimeng'enya kinachoizuia homoni ya kotisoli isifanye kazi ya aldosteroni (homoni inayoziamuru figo zishike chumvi), na glisirizini hukizima. Hapo figo hushikilia chumvi na maji, huku zikimwaga potasiamu kwenye mkojo. Presha inapanda. Na haidroklorothiazaidi yako, kile kidonge cha kukojoza, nayo hupoteza potasiamu. Kikombe kimoja hakikukuangusha, lakini kila siku kwa wiki kadhaa ni hatari: miguu kuishiwa nguvu, misuli kukakamaa, moyo kurukaruka. Ukiona hayo wahi hospitali wakupime potasiamu.

Kuhusu maumivu kutulia jioni ile ile, huenda ni mitishamba, huenda ni muda tu. Ila ujue kuna wauza liangcha huko Guangdong waliowahi kushtakiwa kwa kuchanganya parasetamoli kwa siri. Ya kikombe cha kona huwezi kujua kilichomo.

Swali la pili: ndiyo, kwa hesabu zao ni kweli. Kijani, ya rangi (wao huiita hongcha, chai nyekundu) na pu'er (chai iliyochachushwa ya jimbo la Yunnan) zote hutoka kwenye mmea mmoja. Ya kijani hupashwa moto mapema ili jani lisigeuke rangi, ndiyo maana hubaki "baridi" hata ikiwa inafuka mvuke. Hongcha huachwa igeuke, ikahesabiwa ya uvuguvugu.

Li Shizhen, tabibu aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, aliandika kwamba ujanani alikuwa akinywa vikombe kadhaa vya chai mpya, akatoka jasho jepesi na kujisikia safi. Alipofika utu uzima na tumbo kudhoofu, chai ile ile ikawa inamletea kichefuchefu au kumharisha. Napenda ukweli wake. Chai ya kijani kali kwenye tumbo tupu bado inawafanyia watu hivyo, na sisi wafamasia tunaitaja tanini na kafeini badala ya baridi. Kama tumbo lako ni jepesi kuchafuka, kunywa ya rangi baada ya kula. Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, vitenganishe na chai kwa saa moja au mbili.

Sasa toa hizo pakiti, geuza nyuma, utafute herufi hizi mbili: 甘草. Ndiyo gancao. Zikiwepo, usinywe. Zisipokuwepo, nipigie picha orodha nzima kabla hujachemsha maji. Vidonda vikirudi, sukutua kwa maji ya chumvi, na kidonda kikipita wiki mbili hakijapona, daktari wa meno akione.